Anko wa Maabara anajibu: Mama mkwe kasoma kadi ya damu, sasa nyumba haina amani

Wapendwa, mwezi huu mmenijaza. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa inaganda, na nikizipanga naona nyingi ni swali lile lile limevaa nguo tofauti: huyu mtoto hiki kitu kakitoa wapi? Basi nimeona nijibu za namna hiyo peke yake, yule wa vidonda vya tumbo na yule wa maji ya kisima mnivumilie, ntarudi kwenu. Na kama kawaida mimi sio daktari, ni mtu wa maabara niliyekaa na darubini miaka mingi, ntakwambia kitu kinavyofanya kazi, dawa utaandikiwa na mwenye kalamu yake.

*

Shikamoo anko. Mimi ni O chanya, mume wangu A chanya, juzi kliniki mtoto wetu wa kwanza ana miezi saba kapimwa kaandikiwa O hasi. Mama mkwe wangu aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali zamani, akaishika ile kadi akaisoma weee, akaiweka mezani akasema "hiki kitu kwetu hakipo". Mume hajasema neno ila tangu siku ile anakula kimya anaingia kulala. Mungu shahidi yangu sijawahi kutoka nje. Nisaidie kabla sijarudishwa kwetu.
Mama Mtoto, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kwanza pumua. Hiyo kadi haina ubaya wowote, O chanya na A chanya wanazaa O hasi mchana kweupe.

Shida ya kadi ya damu ni kwamba haiandiki ulichonacho, inaandika kinachoonekana. Karibu kila jeni (maelekezo ya mwili yaliyoandikwa kwa herufi za DNA) unayo mara mbili, nakala moja umepewa na mama na moja na baba. Jeni ya A kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari fulani juu ya chembe nyekundu za damu, ya B inabandika sukari nyingine, ya O haibandiki kitu. Na hiyo O ya kawaida sio jeni ngeni, ni ile ile ya A imedondosha herufi moja tu. Utasema herufi moja ndo nini anko? Chukua maneno "mama yako kala wali", yasome herufi mbili mbili, ma-ma-ya-ko-ka-la-wa-li. Sasa futa ile m ya pili alafu endelea kusoma mbili mbili hivyo hivyo: ma-ay-ak-ok-al-aw-al-i. Umeona? Seli yenyewe inasoma tatu tatu ila balaa ni lile lile, kuanzia pale herufi ilipodondoka mpaka mwisho ni makelele matupu na kimeng'enya hakitoki.

Sasa mtu akiwa na A moja na O moja, ile A moja inatosha kubandika sukari, kwa hiyo kadini anaandikwa A basi, O yake haionekani popote lakini ipo na anaweza kumpa mtoto. Ndo mume wako huyo. Chanya na hasi nazo hivyo hivyo, chanya maana yake chembe zako zina kitu kinaitwa D, nakala moja ya chanya inatosha kukuonyesha chanya na hasi ikakaa nyuma ya mlango miaka yote. Ili mtoto awe hasi ni lazima kila mmoja wenu alikuwa na hasi moja kaificha bila kujua, wewe na yeye. Mtoto wenu kutoka O ni nusu kwa nusu, kutoka hasi ni moja kwa nne, zote mbili kwa pamoja ni moja kwa nane. Sio muujiza huo, ni kitu ambacho mtu wa maabara anakiona na kuendelea kunywa chai.

Na hapa namwomba mama mkwe, kwa heshima zote, akae kitako. Ile O na ile hasi alizonazo mwanae hakuziokota Kariakoo. Kila moja alipewa na baba yake au na mama yake. Kwa hiyo hicho kitu "ambacho kwetu hakipo" kipo, na inawezekana kabisa aliyekileta ni yeye mwenyewe mama.

Ningekunja uso kidogo kama mume angekuwa AB na mtoto O, maana mwenye AB hana O ya kutoa. Hata hapo neno langu la kwanza lingekuwa pimeni upya, kuna aina adimu za damu zinazovunja hiyo kanuni na kuna binadamu wanaochoka. Nimeshaona kwa macho yangu, sitaji ni wapi, chupa mbili za damu zikibadilishana lebo asubuhi moja ya foleni ndefu, mtu akatembea na kundi la mwenzake miaka minne hadi siku ya upasuaji ndo ikajulikana. Kundi la damu linaweza kusema huyu siye baba, haliwezi hata siku moja kusema huyu ndiye. Mumeo akitaka kusikia "ndiye" hiyo ni kazi ya vipimo vya DNA, kwa Tanzania vinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na vina sheria yake ya mwaka 2009, huendi tu na mtoto mgongoni kama unaenda kupima malaria, ombi linapitia kwa mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Ila kwa kadi hii mimi nisingepoteza nauli.

Jambo moja tu, kama mtoto ni wa kike hiyo kadi itunze kama hati ya kiwanja. Siku akiwa mama na mimba yake ikawa ya mtoto chanya atahitaji sindano inaitwa anti-D, bila hiyo mimba zinazofuata zinaweza kuingia matatani.

*

Anko mimi nina mabinti watano. Mawifi wanasema tumbo langu linajua kutengeneza wa kike tu, na mume kaanza maneno ya kutafuta mwenye tumbo la kiume. Tumbo la kiume likoje?
Mama Watano, Singida

Halipo. Yai la mwanamke siku zote linabeba kromosomu (kifurushi cha jeni) iitwayo X, mbegu za mwanaume nusu zina X na nusu zina Y, ikifika yenye Y ni mvulana, yenye X ni binti. Aliyepanda kunde asililaumu shamba kwa kukosa mahindi (mfano wenyewe mbovu kidogo, maana mama naye anatoa nusu nzima ya mbegu, ila kwa mawifi unatosha). Na sio jambo la jana, mwaka 1905 mama mmoja wa Kimarekani, Nettie Stevens, alikaa akahesabu kromosomu za wadudu wa unga, hawa hawa wanaotuharibia sembe, akakuta majike wana 20 kubwa na madume wana 19 kubwa na kamoja kadogo. Hako kadogo ndo Y.

Mabinti watano mfululizo ni kama moja kwa 32, familia za hivyo ziko kila mtaa. Wa sita ni nusu kwa nusu tena, hao watano waliotangulia hawambadilishii kitu. Mume akienda kwa mwingine anaenda na mbegu zake zile zile.

*

Habari anko, mimi na mchumba wangu tumepima kabla ya ndoa, wote tumekutwa AS ya selimundu. Mahari nimeshatoa. Upande wa kwao wanasema tuachane, upande wa kwetu wanasema tuombe tu Mungu. Nilisoma ni moja kwa nne, kwa hiyo nikawaza tukizaa watatu tu tukaishia hapo tutakuwa salama si ndio?
Kijana wa Igoma, Mwanza

Hapana mdogo wangu, na nafurahi umeuliza kabla ya kupiga hiyo hesabu kwa vitendo. Moja kwa nne sio foleni kwamba watatu wanapita salama wa nne anakamatwa. Chukua sarafu mbili, moja yako moja ya mchumba, kichwa ni S yaani nakala ya selimundu, mnyama ni A yaani nakala nzima, zirushe. Kila mimba ni kuzirusha upya, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka jana. Kwa kila mimba: vichwa vyote viwili ni mtoto SS anayeumwa, moja kwa nne. Kichwa kimoja na mnyama mmoja (sisi wazee bado tunasema mwenge) ni AS kama nyie, nusu. Wanyama wawili ni AA, robo iliyobaki. Wenza kama nyie wanaweza kuzaa wanne wote wazima, ukipiga hesabu inatokea kwa kama familia 32 kati ya 100, na wanaweza kuzaa wawili wa kwanza wote SS. Nimewajua wa aina zote mbili.

Chanzo chake kidogo mpaka kinatia hasira. Mwili wako una herufi za DNA kama bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi, zimegawanywa kwenye kromosomu 23 za mama na 23 za baba. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, humo ndani herufi A imeandikwa T. Moja! Herufi haijadondoka kama ile ya damu O, imebadilishwa tu, kwa hiyo sentensi nzima inasomeka ila neno moja limekuwa lingine, na hemoglobini inayotoka ikikosa oksijeni inashikana yenyewe kwa yenyewe kama ugali uliopoa, chembe nyekundu iliyokuwa duara laini inajikunja kama mundu. Ndo jina lenyewe, seli na mundu. Hizo mundu zinanasa kwenye mishipa midogo, ndo yale maumivu ya mifupa unayosikia mtoto analia usiku, mikono na miguu inavimba, macho ya manjano, damu inaisha.

Mbona kitu kibaya hivi hakikupotea zamani? Kwa sababu nakala moja ni kinga. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu, akagundua wenye AS ni wengi pwani na kuzunguka Ziwa Victoria, na kule milimani penye baridi karibu hawapo. Mbu. Mwaka 1954 akaandika kwamba mtoto mwenye AS anaistahimili malaria kuliko AA. Kwa hiyo hiyo S yako kijana wa Mwanza huenda ndo iliyomvusha babu wa babu yako akiwa na miaka miwili, wenzake wakazikwa. Deni lake linalipwa na wajukuu wanaokutana S kwa S. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, tuko nchi za juu kabisa duniani.

Wewe na mchumba si wagonjwa, AS ni mzima anayebeba. Kuoana au kuachana sikuamulii, nimeona ndoa nzuri za AS na AS na nimeona walioshindwa kustahimili. Ila mkioana fanyeni kwa macho yaliyofunguka: kila mtoto apimwe mapema kabla hajaanza kuumwa, na mkienda kupima mdai kile kipimo cha kutenganisha hemoglobini, kile cha haraka cha zamani kinasema tu S ipo au haipo, hakitofautishi AS na SS, na watu wengi wametishwa bure kwa sababu hiyo. Mtoto wa SS akianza kliniki mapema, penisilini, foliki asidi, kinga ya malaria, na hidroksiyurea kwa watakaoandikiwa, anasoma anakua anaoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeshaanza kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wa selimundu. Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 waliruhusu tiba ya kuhariri jeni zenyewe, kule Marekani bei yake dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, kwa hiyo hiyo tuiangalie kwa mbali kama ndege ya rais.

Kuomba ombeni, mimi mwenyewe naomba. Ila muombe mkiwa na majibu ya maabara mkononi.

*

Mke wangu kajifungua mtoto albino. Kwetu hakuna, kwao hakuna. Shangazi yangu kasema mke aliwahi kumcheka albino wakati ana mimba. Ni kweli?
Baba Mpya, Kahama

Si kweli, na hongera kwa mtoto. Tuseme mtoto mwenye ualbino, shangazi naye azoee hivyo hivyo.

Ni kama ile hasi ya Mama Mtoto wa Mbagala: wewe una nakala moja ya ualbino, mkeo nakala moja, wote weusi ti kwa sababu ile nakala nzima inatosha kutengeneza rangi. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kwa kila 1,400 ana ualbino, na ukipiga hesabu kutoka hapo unakuta karibu mtu mmoja katika kila 20 amebeba nakala yake kimya kimya. Daladala moja iliyojaa ina wawili watatu. Shangazi mwenyewe akiwa ni wa upande wenye hiyo nakala basi anaweza kuwa mmoja wao. "Kwetu hakuna" maana yake hamjawahi kukutana wawili, basi.

Kicheko hakiingii kwenye yai. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na miwani shule ikianza, hayo ndo ya kuhangaikia, jua la kwetu halina huruma na ngozi ya mwanao.

*

Salaam alaykum. Bibi yangu Lamu husema sisi ni Washirazi, babu zetu walikuja na jahazi kutoka Uajemi. Mwalimu wetu wa historia asema hizo ni hadithi za watu kujikweza. Nani mkweli?
Binti wa Mombasa

Wa alaykumu salaam binti. Hili swali nimelipenda, na jibu litamuudhi kila mtu nusu.

Mwaka 2023 timu ya watafiti, yumo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya pwani yetu, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta wengi wao zaidi ya nusu ya DNA yao ni ya Kiafrika, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya Asia, hasa Uajemi, na kidogo ya Uhindi. Mchanganyiko wenyewe ulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo bibi hakutunga.

Ila sikiliza sasa palipo patamu. Kuna DNA mbili ambazo hazichanganyiki kama nyingine. Y inatoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Na kuna DNA ndogo ya pembeni kwenye mitokondria, ile mitambo ya nguvu ya seli, herufi 16,569 tu, hiyo unapewa na mama, ye aliipewa na mama yake, mpaka huko nyuma. Walipoangalia zile za mama wakakuta karibu zote za Kiafrika. Walipoangalia Y wakakuta nyingi za Asia. Umeelewa kilichotokea? Waliopanda jahazi ni wanaume, wakafika wakakuta wanawake wenye miji yao, wenye ndugu zao, wakaoa. Ndo maana mpaka leo hatuandikiani Kiajemi hapa, lugha ilibaki ya mama, na mama alikuwa Mswahili wa hapa hapa.

Bibi anahesabu upande wa baba, anapata Shirazi. Mwalimu anasahau upande huo ulikuwepo. Na wote wawili wakumbuke kwamba ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, yule wa jahazi ni nafasi moja. Kumwambia bibi hivyo chagua wakati, baada ya chai ya jioni labda.

*

Anko nina Kulwa na Doto wa miaka 15, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Simu ya Kulwa inafunguka kwa sura ya Doto lakini kidole cha Doto inakataa. Kama DNA yao ni moja mbona vidole tofauti?
Mama Kulwa, Tabora

Hii imenichekesha na imenifurahisha. Mapacha wa kufanana hivyo ni yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa, kwa hiyo DNA yao ni ile ile, ukiacha vijimakosa vichache vya kunakili. Sura inafuata DNA kwa kiasi kikubwa, simu inadanganyika. Lakini mistari ya vidole jeni zinatoa ramani ya jumla tu, ile mikunjo yenyewe inachorwa tumboni kwenye mwezi wa tatu na wa nne wa mimba, na kila mtoto kidole chake kinagusa mahali pake, kinakandamizwa kivyake, ngozi inakua kwa kasi yake. Walikaa tumbo moja ila hawakukaa kiti kimoja. Hata kidole cha kulia cha Kulwa na cha kushoto havifanani, mwambie aangalie.

Na kama Doto alikuwa anafungua hiyo simu kimya kimya, Kulwa azime ya sura aache ya kidole.